Jinsi ya Kumpendekezea Mwenzako Filamu au Tamthilia Uliyoitazama

Hapa Kigoma swali la "siku hizi unaangalia nini?" huulizwa kila siku, na wanaoliuliza huwa na haja ya kweli. Huuliza binamu anayejiandaa kupanda treni ya kwenda Tabora, safari ya zaidi ya kilomita 400 ambayo simu yenye filamu mbili tatu huifupisha. Huuliza jirani wa Mwanga ambaye amekwisha kulipia king'amuzi cha mwezi mzima lakini kila jioni huishia kubadilisha chaneli mpaka usingizi unamchukua. Huuliza mama mdogo wa Ujiji anayetaka kitu cha kutazama na binti zake baada ya kuosha vyombo. Anayeulizwa, kwa kawaida, hutaja jina la filamu, husema "ni kali sana, itafute," na mazungumzo huhamia kwingine. Jibu la namna hiyo limejaa mapenzi lakini limekosa habari: aliyeuliza hajui filamu inahusu nini, ina urefu gani, iko katika lugha ipi, wala kama anaweza kuitazama mbele ya wanawe.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayeulizwa. Nauandika kwa sababu naamini kwamba kumwelekeza mtu kwenye hadithi nzuri ni ukarimu, kama ulivyo ukarimu wa kumwelekeza mgeni kwa fundi mzuri, na ukarimu huo unastahili kufanywa kwa uangalifu. Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba mwenye shughuli hapa ni yule unayempendekezea. Filamu utakayoitaja haihitaji kuwa bora kuliko zote ulizoziona mwaka huu. Inahitaji kumfaa huyu aliyeuliza, jioni hii, kwa lugha anayoielewa na kwa kifaa alichonacho.

Mjue kwanza anayeuliza

Nililijifunza hili kwa uchungu. Shangazi yangu wa Ujiji, akiwa bado ndani ya eda, aliniomba nimletee kitu cha kutazama ili usiku usiwe mrefu. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeona filamu moja iliyonigusa sana, nami nikaipeleka mbio, nikamwekea, nikaketi pembeni yake nikisubiri kuona uso wake utakavyokuwa. Haikupita robo saa, kwenye skrini mwanamke akawa anamzika mumewe. Shangazi alinyanyuka taratibu, akazima televisheni, akasema kwamba angelala mapema. Hakunilaumu, na mpaka leo hajalitaja jambo hilo. Filamu ile ilikuwa nzuri, na bado naiona nzuri. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilipeleka furaha yangu nyumbani kwa mtu bila kuuliza nyumba hiyo ina hali gani.

Tangu siku hiyo huuliza maswali matatu kabla ya kutaja jina lolote. La kwanza ni kwamba atatazama na nani. Katika nyumba nyingi za kwetu televisheni ni moja, iko sebuleni, na mtu anaweza kutazama vizuri akiwa peke yake jambo ambalo hawezi kulitazama akiwa ameketi mkeka mmoja na mama mkwe au na watoto wa darasa la tatu. Filamu zinazopita Bodi ya Filamu Tanzania hupangiwa madaraja ya umri, lakini nyingi zinazofika mitaani kwetu kwa njia ya simu na flashi hazina alama yoyote juu yake, kwa hiyo wewe uliyeitazama ndiwe unayepaswa kusema wazi: kuna mapenzi ya chumbani, kuna damu, kuna matusi, kuna mtoto anayeteswa. Usione haya kulisema hilo. Mzee akiambiwa mapema ataamua mwenyewe. Asipoambiwa ataamka kwenye kiti mbele ya wajukuu, na hatakuuliza tena.

Swali la pili ni muda alionao, nami nitalirudia chini kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi. La tatu ni kile anachotaka hadithi imfanyie. Yupo anayetaka kucheka, yupo anayetaka kulia apate nafuu, yupo anayetaka kujifunza jambo, na yupo aliyetoka sokoni tangu alfajiri ambaye hataki kufikiri hata kidogo. Mtu hawezi kujibu swali hili moja kwa moja mara zote, ila ukimwuliza filamu ya mwisho aliyoipenda na kipi hasa alikipenda ndani yake, atakuwa amekujibu. Akisema aliipenda kwa sababu ya yule bibi mwenye maneno makali, basi usimpe filamu ya vita kwa kuwa tu zote mbili zimetoka India. Mtafutie bibi mwingine mwenye maneno makali, hata kama anatoka Korea.

Eleza ulivyoitazama wewe

Pendekezo lina uzito wa yule anayelitoa, na uzito huo hujengwa kwa kueleza hali. Sema kama umeitazama yote au umeishia katikati. Mtu anayesifu tamthilia baada ya vipande viwili anasifu mwanzo tu, na zipo tamthilia nyingi zenye mwanzo wa moto ambazo zikifika kipande cha ishirini huwa zinazunguka mahali pamoja kama mashua iliyokatika usukani. Hakuna ubaya kusema, "Nimefika kipande cha sita na mpaka hapo inanishika." Huo ni ukweli wenye mpaka, na msikilizaji anajua aupime vipi.

Ikiwezekana, lala nayo usiku mmoja kabla ya kuipendekeza. Filamu ikiisha moyo huwa bado umo ndani yake, muziki bado unavuma masikioni, na kila kitu huonekana kikubwa. Asubuhi yake, unapoteremka Mwanga kwenda mjini, jiulize ni kitu gani kimebaki: sura ya mtu fulani, mazungumzo fulani, namna walivyopiga picha mvua. Kilichobaki ndicho cha kumwambia mwenzako, kwa sababu ndicho kilichokuwa na nguvu ya kweli.

Kisha kuna suala la sauti, ambalo katika nchi yetu ni kubwa kuliko wengi wanavyolichukulia. Filamu moja ya kigeni inaweza kutufikia kwa njia tatu: kwa lugha yake yenyewe ikiwa na maandishi chini ya skrini, kwa sauti za waigizaji wa Kiswahili waliozitia upya, au kwa msimuliaji mmoja anayetafsiri yote huku akiongeza utani na maelezo yake, kama alivyofanya Lufufu na wengine waliomfuata, ambao sauti zao zimejaza vibanda umiza kwa miaka mingi. Hizi ni namna tatu tofauti za kuiona hadithi. Aliyeiona kwa msimuliaji amecheka mahali ambapo mwandishi wa filamu hakukusudia kicheko, na ameelezwa mambo ambayo mwingine aliachiwa ayagundue mwenyewe. Kwa hiyo useme uliiona ipi. Nimewahi kumwona kijana aliyeambiwa na rafiki yake kwamba filamu fulani inachekesha mno, akaitafuta kwa lugha yake ya asili, akakaa saa mbili akisubiri kicheko ambacho kilikuwa cha msimuliaji peke yake.

Uzito wa lugha ulionekana wazi mwaka 2011, TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou, mke kijana wa Beijing anayejikuta na mama wakwe wawili kwa sababu wazazi wa mumewe waliachana na baba akaoa tena. Ilitiwa sauti za Kiswahili, na watu ambao hawajawahi kukanyaga China walimfuata Doudou kana kwamba anakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Habari yake haikuwa ngeni kwetu hata chembe. Kilichobaki kilikuwa lugha tu, na lugha ilipofunguliwa, mlango ulifunguka. Ukimpendekezea bibi asiyesoma maandishi ya haraka filamu yenye maandishi chini, umempa kazi.

Simulia mwanzo, kisha nyamaza

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nasema bila kusita kwamba kumsimulia mtu filamu mpaka mwisho ni kumnyang'anya kitu chake. Kipimo ninachokitumia ni robo saa ya kwanza kwa filamu, na kipande cha kwanza kwa tamthilia. Yote yaliyomo ndani ya kipimo hicho ni halali yako kuyasimulia: mahali, zama, mtu mkuu, na kile anachokitaka. Mlango wa pili ukifunguka, nyamaza.

Chukua mfano wa filamu iitwayo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Wapo wengi walioisoma riwaya hiyo wakiwa kidato cha tano na sita, na mtu wa namna hiyo unaweza kumwambia mengi zaidi, kwa sababu anachotaka kujua ni namna maneno yalivyogeuzwa kuwa picha. Lakini kwa ambaye hajaisoma, inatosha kusema kwamba tuko Zanzibar miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza, na binti mdogo ameozwa kwa mwanamume mtu mzima asiyempenda. Ongeza kwamba ni ya Kiswahili chenyewe, na kwamba ni filamu ya mwendo wa taratibu inayotaka utulivu, si ya kutazama huku unapika. Maneno hayo machache yanamtosha mtu kuamua.

Jihadhari na maneno ambayo hayasimulii kitu lakini yanafichua. Ukisema "mwisho wake utakushangaza," umemfanya mtazamaji akae akiutafuta mshangao tangu dakika ya kwanza, na akiupata anasema, "Aa, ndiyo hii." Ukisema "usimwamini yule daktari," umemaliza kazi. Hata kusema kwamba steringi anapona ni kumvua mtu hofu aliyokuwa na haki ya kuwa nayo. Badala yake, eleza hisia inayotawala filamu nzima: kwamba ina huzuni lakini haivunji moyo, kwamba inachekesha kwa maneno kuliko kwa vitendo, kwamba ina ukimya mwingi.

Filamu zinazohusu kwetu zinahitaji uangalifu wa aina nyingine, kwa kuwa mtu wa Kigoma akisikia ziwa lake limetajwa hujenga matarajio makubwa. Mfano ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Riwaya hiyo ilichochewa na mapigano ya Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na meli ya Wajerumani iliyomo ndani yake huhusishwa na Graf von Goetzen, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba tunalolijua sote. Mtu anaweza kumwita mzee wa Bangwe akamwambia, "Njoo uone Liemba kwenye filamu," na mzee akakaa akiitafuta ghuba yetu na vilima vyetu asivione, kwa sababu picha zilipigwa Uganda na Kongo, na nyingine studio London. Filamu yenyewe ni nzuri. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kuigiza ndani yake. Ila namna sahihi ya kuipendekeza ni kusema kwamba ni hadithi ya kubuni ya mwanamume na mwanamke wanaoteremka mto kwa mashua chakavu, na kwamba historia ya meli yetu iko nyuma ya hadithi hiyo. Mzee akiambiwa hivyo ataitazama kwa jicho lingine, na huenda baada ya filamu yeye ndiye atakayeanza kukusimulia habari za Liemba.

Urefu na bando

Neno "tamthilia" linafunika vitu vyenye urefu tofauti kabisa, na anayependekeza bila kutaja urefu anaweza kumfunga mwenzake miezi mitatu. Tamthilia nyingi za Kikorea zina vipande 16 au 20 vya takriban saa moja kila kimoja, kwa hiyo mtu anaweza kuimaliza ndani ya wiki mbili za jioni. Za Kituruki ni ndefu zaidi: ile ya Sultan Suleiman ina vipande 139 kama ilivyoonyeshwa Uturuki, na kila kipande kule huwa na urefu wa filamu nzima, ndiyo maana vikiuzwa nchi za nje hukatwa vipande vifupi na hesabu ikaongezeka. Watu wawili wanaweza kubishana juu ya idadi ya vipande na wote wakawa na haki. Filamu ya Kihindi ya kawaida huchukua saa mbili na nusu au zaidi, na huwa na mapumziko katikati, jambo linaloisaidia familia inayotaka kula chakula cha usiku bila kukatisha.

Kwa anayetazama kwa intaneti, taja pia gharama. Kwa makadirio ya Netflix wenyewe, saa moja ya picha za ubora wa kawaida hula takriban GB 1, na za ubora wa juu hadi GB 3. Kijana anayenunua bando la siku anahitaji kujua hilo kabla hujamwambia kwamba tamthilia ina misimu mitano. Mshauri apakue akiwa mahali penye intaneti ya bure, kisha atazame safarini au umeme ukikatika.

Juu ya mahali pa kuipata, mwelekeze kwenye njia halali unayoijua: chaneli na saa inayorushwa, au programu ambamo imewekwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda waliotengeneza kazi hizi, na waigizaji wetu wa Bongo Movie wanajua zaidi ya mtu yeyote jinsi nakala za flashi zinavyokausha mfuko wa aliyefanya kazi. Ukipenda kazi ya mtu, mpelekee mtazamaji anayelipa.

Ukiandika ujumbe

Mapendekezo mengi siku hizi hutumwa kwenye makundi ya familia ya WhatsApp, na huko ujumbe husomwa na mjomba aliyeko Urambo, binamu aliyeko Kasulu na shemeji asiyemjua hata mmoja wao vizuri. Kwa hiyo uandike ujumbe unaojitosheleza. Jina la filamu liandikwe sawasawa pamoja na mwaka, kwa kuwa filamu tofauti hushirikiana majina. Huu hapa mmoja niliouandika mwenyewe, nauweka kama ulivyo:

"Shikamooni wakubwa. Nimeona filamu inaitwa Jane, ya mwaka 2017. Ni ya makala, mambo ya kweli, dakika 90, Kiingereza. Inahusu Jane Goodall alipokuja hapa Gombe mwaka 1960 akiwa na miaka 26, na picha nyingi ni zilezile alizopiga Hugo van Lawick miaka hiyo, zikapotea machoni pa watu mpaka zikapatikana mwaka 2014. Utauona ufuko wa ziwa na msitu wetu kama vilivyokuwa wakati babu zetu ni vijana. Kuna ugonjwa na vifo vya sokwe, watoto wadogo waitazame na mtu mzima. Nimeiona yote. Ambaye hapendi makala ya wanyama na asijilazimishe, ila ambaye anapenda picha za zamani za Kigoma asiikose."

Sentensi ya mwisho naiona ya lazima katika kila pendekezo. Mwambie mtu ni nani hataipenda. Msifiaji asiye na mpaka huchosha, na baada ya mara tatu watu huacha kumsikiliza. Lakini anayesema "hii haikufai wewe, mpe mkeo" huaminiwa hata anaponyamaza.

Baada ya kupendekeza, subiri. Usimpigie mtu simu kila jioni kumwuliza amefika wapi, wala usiketi pembeni yake ukimwambia "sasa angalia hapa." Akirudi na kusema haikumpendeza, usiitetee kana kwamba umeiigiza wewe, mwulize ilimchosha wapi, kwa sababu jibu hilo ndilo litakalokusaidia safari ijayo. Na yeye akikupendekezea yake, itazame kweli, ukamrudishie neno.

Mimi nina daftari dogo la kuandikia mambo haya, kila mtu na ukurasa wake. Ukurasa wa shangazi una mistari minne: asiwekewe mazishi, anapenda nyumba zenye watu wengi na mama wakwe wenye midomo, iwe ya Kiswahili, kipande kisizidi saa moja, kwani saa tatu na nusu hulala. Mwezi uliopita nilimpelekea tamthilia ya aina hiyo, nikaondoka kabla haijaanza. Siku ya tatu alinipigia mwenyewe, saa nne kasoro, kuniuliza kama kuna msimu wa pili.